Shikamoo kwa Mawe ya Ugiriki

Kila Ijumaa tunapokutana Al Rayyan, hapa Doha, kula ubwabwa kwa Swaumu mnaniuliza Ugiriki kulikuwaje, nami nawajibu "kuzuri" na kuendelea kutafuna. Juzi Swaumu akaniambia nimekuwa bahili wa maneno tangu nirudi, kwamba hata mtu aliyekwenda Al Wukair kununua pazia huja na hadithi ndefu kuliko yangu. Basi nimekaa nikaandika. Habari za viza na mihuri nimeziruka, adha zake mnazijua na zitawaharibia chakula. Na kwa kuwa najua karatasi hizi mtapeana mpaka ziwafikie watu wasionijua, nitaanza kama vile nyote ni wageni.

Al Thumama

Mimi ni Zuhura, mtu wa Korogwe, dada wa kazi katika nyumba ya mhandisi mmoja wa Kigiriki hapo Al Thumama, mmoja wa wale waliokuja kuchimba njia za treni chini ya ardhi. Tulimwita Baba Irini. Mkewe alifariki mtoto wao wa pili, Petro, akiwa hajajua hata kukaa, na hapo ndipo nilipoletwa mimi. Irini alikuwa ameshaanza kusema maneno mawili matatu. Baba mtu alitoka wamelala na kurudi wamelala, na hakuna aliyeniambia niseme nao lugha gani, kwa hiyo nilisema nao ninayoijua. Siku alipogundua kwamba wanawe wanagombana kwa Kiswahili, alicheka. Bibi yao wa Ugiriki, mama wa marehemu, hakucheka. Kwenye simu alikuwa akiwauliza kama wamekula, wanamjibu ndiyo, na Kigiriki chao kinaishia hapo.

Nilichowafundisha kwa makusudi ni kimoja tu, shikamoo. Mtoto asiyeamkia wakubwa mimi siwezi kukaa naye nyumba moja, awe wa tajiri au wa nani. Irini alipokua kidogo akaanza kuiona haya. Petro hapana. Petro alimwamkia mlinzi Mnepali wa getini, muuza duka Mhindi, mafundi wa AC, na kila aliyeonekana kumzidi umri. Tena alikuwa na tabia moja: akishaamkia hasogei mpaka aitikiwe. Anasimama, kichwa amekiinamisha kidogo, anasubiri. Mtaa mzima ulijifunza kusema marahaba ili watu wapate kuendelea na shughuli zao.

Kabla ya safari Baba Irini alinikuta jikoni, akafunga mlango. Aliniambia bibi anataka wajukuu wake wabaki kwake, waanze shule huko Septemba. Yeye alikuwa hajaamua. Amewalipia ziara ya magofu ya kale pamoja na bibi yao na mimi, na mwongozaji wa kuwaeleza, ili watoto waone walikotoka na bibi awajue. Mwenyewe angetufuata mwishoni, huko Nafplio anakokaa bibi.

"Nikifika nitakuuliza wewe umeonaje," akasema. "Wewe ndiye unayewajua. Ila wao wasijue kwanza."

Nikajibu sawa, nikageukia sufuria. Lakini ninyi nawaambia wazi: nilitaka warudi Doha. Kazi ningepata nyingine. Hao nisingepata wengine.

Otieno, dereva wetu, mtu wa Kisumu, ndiye aliyetupeleka uwanjani. Njiani akawa ananichokoza kama kawaida yake.

"Sasa Zuhura, huko mnaenda kuona nini haswa?"

"Magofu. Majengo ya zamani sana."

"Yameanguka?"

"Mengi yameanguka."

"Wah! Na si hapa Doha wanabomoa kila siku? Si mngeenda tu Msheireb mkaangalia bure, hawa watoi wakarudi home wakalala."

Irini akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa natazama viti vyao vya nyuma na kujiuliza kama vitarudi na watu.

Chini ya dubu

Ndege ilichelewa. Wakasema hitilafu ndogo, baadaye wakasema hitilafu, na neno "ndogo" likapotea njiani. Tukakaa pale uwanjani chini ya sanamu ya yule dubu mkubwa wa manjano aliyechomekwa taa kichwani, mnamjua, kila mtu wetu amepiga picha naye.

Petro alimtazama sana.

"Dada, huyu dubu ni mkubwa kuliko wewe?"

"Mkubwa sana," nikasema, kichwa changu kikiwa kwingine.

Akasogea mbele ya dubu. "Shikamoo."

Akainamisha kichwa, akasubiri. Irini akajificha uso kwa begi. Watu wakaanza kutazama. Nilijua mtoto yule angeweza kusimama pale mpaka ndege iondoke, kwa hiyo nikajibana koo, nikatoa sauti nzito: "Marahabaaa." Petro akarudi kukaa, ameridhika. Alijua ni mimi, hakuwa mjinga. Kwake ilitosha kwamba kuna mtu ameitikia.

Sikujua wakati ule kwamba nimejipa kazi ya kuwaitikia mawe ya nchi nzima.

Athene, mlango wa kutokea

Mnajua sisi tuliozoea Doha tukimwona mwanamke wa makamo amevaa nyeusi toka kichwani mpaka miguuni tunawaza nini. Mlangoni alisimama bibi mmoja mfupi, kilemba cheusi, gauni jeusi, soksi nyeusi, na fimbo. Moyo ukaniambia kumbe wana Waislamu hapa, alhamdulillahi. Nikamwendea na tabasamu, nikamwambia, "Assalamu alaykum, mama."

Akapiga ishara ya msalaba.

Huyo ndiye Bibi Katerina. Kabla sijajua niweke wapi uso wangu, Petro akajisogeza mbele yake. "Shikamoo, Bibi." Kichwa kikainama. Bibi akamtazama, akamtazama Irini, akasema neno kwa Kigiriki. Hakuitikia. Angeitikiaje? Petro akabaki pale pale katikati ya njia na matoroli yakawa yanampita huku na huku. Bibi akamuuliza Irini mtoto ana nini. Irini kwa Kigiriki chake cha kuungaunga akamweleza kwamba hivyo ndivyo wanavyowasalimia wazee. Bibi akaelewa nusu yake, kwamba ameitwa mzee, na mdomo ukamshuka. Mimi ikabidi nimwitikie mtoto kwa chinichini, nyuma ya mgongo wa bibi, ili tuondoke.

Halafu likatokea la kutokea. Bibi akamshika Petro kidevu, akamtazama vizuri uso, machozi yakamlengalenga, na akamtemea mate. Ftu, ftu, ftu. Mara tatu, usoni.

Nilimvuta mtoto. Nikashika ncha ya ushungi wangu nikamfuta paji la uso, kwa nguvu, bibi akiniangalia. Uso wenyewe ulikuwa mkavu, hakukuwa na mate ya kufuta, lakini nilifuta. Moyoni nikasema: Baba Irini umeniuliza nimeonaje? Nimeshaona.

Katika teksi hatukusemeshana. Yeye alitazama dirisha lake, mimi langu.

Athene, kilimani

Mwongozaji wetu aliitwa Despina, binti mwembamba mwenye mwavuli mwekundu aliokuwa akiuinua juu bila kuufungua. Jua lilikuwa kali kweli, ingawa kwa mtu wa Doha ilikuwa asubuhi ya kawaida. Kikundi chetu kilikuwa cha wastaafu wa Kijerumani, wenye kofia na viatu vya kupandia milima, na sisi. Bibi Katerina alitazama ngazi, akagusa magoti yake, akaketi kivulini chini. Akatuambia kwa mkono tupande.

Njia kule juu imesuguliwa na nyayo za watu mpaka inateleza kama sakafu yenye sabuni. Nilivua viatu. Mlinzi akanipigia filimbi nivae. Nikavaa. Irini akataka kukaa juu ya jiwe. Filimbi. Petro akataka kugusa nguzo. Filimbi. Nadhani mlinzi yule anapigia filimbi hata ndoto zake.

Despina alieleza vizuri, kwa Kiingereza cha polepole: hekalu hili lilijengwa lini, nani aliabudiwa, nani alikuja akalichoma, nani akaja akalilipua. Watoto walisikiliza mpaka alipomaliza kulichoma, baada ya hapo wakachoka. Lakini Petro alikuwa ameshashika moja.

"Dada, ni la zamani kuliko Bibi?"

"Zamani kuliko bibi ya bibi ya bibi."

Mnajua kilichofuata. Aliamkia hekalu. Aliamkia nguzo zilizosimama na zilizolala. Alipofika kwa wale wanawake wa mawe wanaobeba paa kichwani, aliamkia mmoja mmoja. Na mimi nyuma yake: marahaba, marahaba, marahaba. Mzee mmoja wa Kijerumani akamuuliza Despina kama hiyo ni sala ya Kiafrika. Despina akaja kuniuliza, nikamweleza, akacheka kwa furaha. Nami nikaona nimuulize swali langu.

"Kwa nini bibi yao anatemea watoto mate?"

"Ah!" Akajigonga paji la uso. "Hakuna aliyekuambia? Ni kijicho. Mtoto akiwa mzuri, ukimsifu bila kufanya hivyo, atadhurika. Bibi yangu ananifanyia mpaka leo. Maana yake anampenda."

Bibi yangu mimi, kule Korogwe, tulipokuwa tunaondoka kwenda shule ya mbali alikuwa anatutemea mate kidogo utosini na kutuombea dua. Nilikuwa nimekwenda bara jingine kumfuta mtoto baraka ile ile kwa ushungi. Lakini sitasema uongo, sikufurahi kuelewa. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia.

Mchana tukala mkahawani chini ya mlima. Nyama ilikuja kwenye vijiti na mimi sikujua ni ya nini, mhudumu naye hakujua Kiingereza. Nikamwonyesha nyama, nikakoroma kama nguruwe. Akatikisa kichwa kwa msisitizo, akaweka vidole viwili kichwani, akalia "beee!" Kuhakikisha, nikakoroma tena na kupunga kidole kwamba hicho sitaki. Akalia tena. Watu wa meza za jirani wakaacha kula. Nikasikia sauti ngeni, kama mlango mkavu unafunguliwa. Bibi Katerina alikuwa anacheka, ameshika kifua, machozi yanamtoka. Akamega mkate, akauchovya kwenye mafuta, akaniwekea kwenye sahani yangu kwa mkono wake.

Korintho, na kituo cha mafuta

Kesho yake tukapanda basi dogo kuelekea kusini. Korintho tulishuka kutazama mfereji uliokatwa ndani ya mwamba, mwembamba na mrefu kwenda chini. Petro akauliza kama ni wa zamani. Despina akasema si sana. Petro akaupita bila salamu, kwa dharau.

Mbele kidogo basi likaanza kutoa moshi. Dereva akaliingiza kituo cha mafuta, akafunua boneti, akatukana kwa sauti ya chini, na Despina akatangaza kwamba gari jingine linakuja. Lilikuja baadaye sana. Wajerumani wakajipanga kivulini kwa utaratibu. Sisi tukapewa viti vya plastiki nyuma ya duka, chini ya bati, na bibi akafungua kikapu chake: mapichi, jibini nyeupe ya chumvi, nyanya, mkate. Mimi na yeye tukakaa ubavu kwa ubavu, wote tumejifunika vichwa, na Irini akasema tunafanana kama dada wawili. Petro akala pichi mpaka maji yakamchuruzika viwikoni.

Ndipo bibi akamgusa Irini begani, akamwonyesha mimi, akaanza kusema. Alitaka mkalimani. Irini akakaa katikati yetu, amejikweza, maana kazi ya kikubwa aliipenda.

"Anasema asante kwa kutulea."

"Mwambie si kitu."

"Anasema ni kitu. Anasema nguo nyeusi amemvalia mama, na hatazivua. Anasema alikuwa na mtoto mmoja tu. Anasema chumba cha mama amekipaka rangi upya. Amenunua vitanda viwili. Anasema usiogope, anajua Petro halali bila taa, baba amemwambia. Anasema Septemba sisi..."

Bibi akaendelea kusema, taratibu, akinitazama mimi, hajui kwamba mkalimani amekwama. Irini alikuwa ananitazama pia.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Baba ameshaamua?"

"Bado. Ataniuliza mimi nimeonaje."

Hapo uso wake ukabadilika, akanishika mkono. "Basi mwambie hapana. Mwambie anatutemea mate."

"Baba yako ni Mgiriki, Irini. Anajua maana ya mate yale."

"Basi mwambie anatufokea. Mwambie tunalia. Mwambie Petro hali chakula chake, amekonda."

Tukamtazama Petro. Alikuwa amefungua pichi jingine.

"Mimi nataka nyumbani," Irini akasema. Nyumbani, kwa Irini, ilikuwa Al Thumama, na kwa kweli ilikuwa mimi. Niseme nini? Nilifurahi kusikia, na furaha yenyewe ikaniuma. Nikamwambia nitasema nitakachokiona. Akaachia mkono wangu, akaenda kukaa na Wajerumani.

Bibi alibaki ananisubiri nijibu. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba mtoto amechoka. Akaitikia kwa kichwa, akanimenyea pichi.

Mikene

Mikene iko juu ya kilima kikavu chenye upepo, na njia yake inapanda. Lango lake ni mawe makubwa ajabu, na juu ya lango simba wawili wamesimama kutazamana, vichwa vimeshatoka zamani. Despina alisema mfalme wa hapo alipita chini ya simba hao kwenda vitani, na alipita tena kurudi, na alipofika nyumbani mkewe akamuua bafuni. Wajerumani wakatikisa vichwa kama watu wanaomfahamu.

Petro akasimama chini ya lango. Simba hawa alikuwa amewasubiri toka asubuhi.

"Shikamoo!" akasema kwa sauti, maana walikuwa juu.

Kikundi kizima kilikuwa nyuma yake na njia ni moja. Watu wakasimama. Akainamisha kichwa. Nilikuwa karibu naye, ilikuwa zamu yangu, lakini kila nilipotaka kufungua mdomo kilio kilitangulia. Nilikuwa nawaza, nikishaondoka nani atamwitikia mtoto huyu? Atasimama mbele ya mageti ya watu mpaka lini? Atajifunza kutoamkia, basi, kama watoto wote.

"Njoo, mpenzi," Despina akamwambia. Petro hakusogea.

"Dada, mwitikie," Irini akanong'ona nyuma yangu. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu toka kituo cha mafuta. Sikuweza.

Tukasikia fimbo inagonga mawe. Bibi Katerina, aliyeshindwa ngazi za Athene, alikuwa amepanda. Uso ulimwiva, pumzi zinamkata, Wajerumani wakampisha. Akafika kwa mjukuu wake, akainua macho akawatazama simba, akamtazama mtoto na kichwa chake kilichoinama. Akavuta pumzi.

"Marrrahaba," akasema, na r yake ikakwaruza kama ya gari linalokataa kuwaka.

Petro akainua kichwa. Akawatazama simba, akamtazama bibi, akatugeukia sisi macho yamemtoka. "Bibi anajua! Bibi anajua kuitikia!" Akamshika mkono ulioshika fimbo, wakapita langoni pamoja, yeye akimwonyesha mawe mengine ya kuitikia. Bibi aliitikia yote. Kumbe siku zote zile, kivulini, ndani ya basi, alikuwa anasikiliza.

Niliona wivu. Niliona wivu mkali kama mwanamke aliyeletewa mke mwenza, na nilisimama nje ya lango mpaka ukapungua. Ulipopungua nikajikuta nimepumua.

Nafplio

Nyumba ya bibi iko kwenye kichochoro cha ngazi, ina mlimau mlangoni. Chumba kilikuwa kama alivyosema, kina vitanda viwili na taa ndogo kati yao. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu akiwa msichana, mwenye paji la uso la Irini kabisa. Irini aliitazama muda mrefu, halafu akauliza swali kwa Kigiriki. Bibi akamjibu. Akauliza jingine. Niliwaacha.

Baba Irini alifika na vumbi la safari, akawakumbatia, tukala samaki wa kuoka na wali ambao mimi niliupika, maana sikuweza tena mkate. Bibi akauonja, akasema kitu kilichowachekesha wote, na hakuna aliyenitafsiria. Baada ya chakula tukawa tunaosha vyombo, mimi na Baba Irini. Alikuwa anafuta sahani moja kwa muda mrefu.

"Umeonaje, Zuhura?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Ningesema Irini analia, na alikuwa amelia kweli. Ningesema bibi magoti yake mabovu, ni kweli. Nikamweleza habari ya langoni.

"Wabaki," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini wabaki."

Akaendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Irini alikuwa amesimama nje akisikiliza. Aligeuka akaenda zake. Siku zilizobaki alinipa mgongo. Nikimsuka, ananisubiri nimalize kama mtu anayesubiri kinyozi. Namjua, na nilijua ana haki yake, lakini niliumia.

Kurudi

Baba Irini angebaki kidogo kushughulikia shule, kwa hiyo mimi ndiye wa kuondoka. Bibi alikataa kuagana nami Nafplio. Alipanda gari na magoti yake mpaka Athene, njia nzima amepakata kikapu. Uwanjani akanikabidhi: malimau, jibini, mkate, na mapichi yaliyofungwa moja moja kwenye gazeti. Nilijua watanizuia nayo mahali. Nikapokea.

Petro alinikumbatia kiunoni. Hakulia, alikuwa ameshika ahadi yangu kwamba tutaongea kwenye simu, na watoto wa umri wake huamini simu. Irini alisimama pembeni, mikono nyuma.

Nikageuka kumuaga bibi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia shikamoo, kwa kuwa sasa anajua kuitikia. Kabla sijafungua mdomo, akaweka fimbo vizuri, akajinyoosha, akasema:

"Shikamoo."

Mimi? Na bibi mwenye umri wa kumzidi mama yangu! Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikamshika mkono nimzuie.

"Siyo hivyo, Bibi!" Petro akaruka. "Wewe ndiye mkubwa! Dada ndiye anakuamkia wewe!"

"Ni hivyo hivyo," Irini akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Umemfundisha vibaya! Dada ni mdogo!"

"Najua Dada ni mdogo." Alikuwa ananitazama sasa, macho mekundu. "Bibi aliniuliza mtu tunayemheshimu tunamwambiaje. Nikamwambia. Mwitikie, Dada. Hatasogea mpaka umwitikie."

Kweli hakusogea. Alisimama juu ya magoti yale mabovu, kichwa kimeinama kidogo kama alivyomwona mjukuu wake akifanya, na matoroli yakawa yanatupita huku na huku. Kwetu ningeitwa sina adabu mpaka kaburini. Nikamvuta Irini kwangu kwa mkono mmoja, akaja.

"Marahaba, Bibi," nikasema.

Akainua kichwa. Akanishika kidevu, akanitazama vizuri uso mzima, akanitemea mate. Ftu, ftu, ftu.

Sikujifuta.